Mzinga wa Kwanza

Mwaka ule bwana niliyempikia kule Lang'ata alitaka kushindana na wazungu wenzake kwa boti la matanga, kutoka Mombasa mpaka Shelisheli. Mimi mtu wa Kibra, ambako mto wetu haufiki hata magotini, ningesema nini? Alisema twende, nikaenda. Nilimwomba jambo moja tu, nalo nililiomba nimesimama wima kama baba yangu alivyokuwa akisimama mbele ya maofisa wake: mke wangu ana mimba pevu, nataka niwe nyumbani akijifungua.

"Wewe pika bandarini tu," bwana akasema. "Siku ya mashindano wewe rudi kwa bibi."

Ombi hilo halikuwa la kudeka. Watoto wetu wawili wa kwanza walizaliwa nikiwa safarini na bwana huyohuyo, nikimkaangia mayai porini. Kwetu Wanubi, mtoto akizaliwa baba humwadhinia sikioni, ili sauti ya kwanza aisikie kwa aliyemzaa. Hao wawili waliadhiniwa na mzee wangu, na hakuna aliyefika siku arobaini. Mzazi kwa desturi havuki kizingiti mpaka arobaini ziishe, lakini mara zote mbili mke wangu alitoka mapema akakaa nje juani, kwa kuwa ndani hakukuwa tena na wa kulindwa. Mama yangu alikuwa ameshaamua kosa liko wapi. Siku naondoka alinishika ukosi wa kanzu mbele ya majirani wote wa mtaa wetu wa Makina.

"Huyu utamwadhinia wewe," akasema. "Sitaki kusikia habari za mzungu."

Boti lenyewe lilikuwa jembamba, zuri, na halina akili hata kidogo. Likifungwa bandarini linatingishika, likiachiliwa linalala ubavu. Jiko langu la mafuta ya taa lilining'inizwa kwa minyororo ili lisimwagike, kwa hiyo nikawa namwagika mimi. Tulikuwa wanne: bwana, rafiki zake wawili, na mimi niliyelala nimekunja miguu kati ya viazi na mikebe ya nyama. Kutwa wale watatu walivuta kamba, wakalegeza kamba, wakagombana juu ya kamba, kisha wakaniitisha chai. Sikujali. Kila kikombe nilichomimina kilinisogeza karibu na treni ya kurudi Nairobi.

Asubuhi ya mashindano tulitoka mpaka mlango wa bandari, na motaboti ikaja ubavuni mwetu kuchukua wasiosafiri. Utaratibu nilielezwa vizuri: mzinga wa kwanza, wasiosafiri washuke, mzinga wa pili, mashindano yaanze. Maboti yalikuwa yakizungukana pale kama kuku wanaotafuta pa kutagia, kila moja likiogopa kuvuka mstari mapema. Nikachukua kifurushi changu, ambacho ndani yake mlikuwa na flaneli niliyomnunulia mtoto, nikaweka mguu mmoja juu ya ukingo. Yule mwenye motaboti akanipa mkono.

Mzinga ukalia.

Kujua nilijua. Mwili ndio haukujua. Sisi tulikulia kando ya uwanja wa shabaha, kule Laini Saba, na kabla hatujafundishwa kusalimu watu tulifundishwa hili: ukisikia mlio, lala kifudifudi, funika kichwa, wala usiinuke mpaka askari wapige tarumbeta la kumaliza. Mtoto aliyeinuka mapema alichapwa na mama yeyote aliyekuwa karibu. Basi nikalala. Nililala chini kabisa ndani ya boti la mzungu, uso kwenye mbao zilizolowa, nikingoja tarumbeta la Kibra katika bahari ya Mombasa.

Nilisikia wale wazungu wakicheka. Nikasikia pia injini ya motaboti ikiondoka, kwa maana mwenyewe aliona nimerudi ndani, akadhani nimeghairi.

Nilipoinuka, motaboti ilikuwa imekwisha kuwa ndogo.

"Bwana, wameniacha!"

"Hapana kelele." Macho yake yalikuwa kwenye saa.

"Bwana, mke wangu anazaa. Ulisema."

"Sasa hapana rudi. Mzinga ya pili karibu. Wewe pika chai."

Nilipunga ile flaneli mpaka bega likauma. Nilipiga kelele, lakini matanga yalikuwa yakipigapiga juu yangu na sauti yangu haikufika popote. Sijui kuogelea. Ningejua, labda hadithi hii ingekuwa nyingine. Nilimchukia bwana yule, nikalichukia boti lake, na zaidi ya vyote nikauchukia mwili wangu mtiifu. Mzinga wa pili ukalia, na mwili huo, bila haya, ukalala tena.

Kisha upepo ukajaa kwenye tanga, boti likalala ubavu, pwani ikaanza kurudi nyuma. Nikakumbatia mlingoti, nikaelekea kule nilikodhani ndiko Kibra, nikaadhini. Niliadhini tangu mwanzo mpaka mwisho, na upepo ukayarudisha maneno yote kinywani mwangu. Mmoja wa rafiki za bwana alidhani nalia kwa woga. Akanipa biskuti.

Sisemi chochote kuhusu Shelisheli. Hatukushinda. Nilirudishwa kwa meli, kisha kwa treni, na kutoka stesheni nilitembea, kwa sababu miguu angalau ilikuwa yangu. Njiani nilijipa moyo. Kama alizaa siku zile tulizokisia, arobaini bado, basi nitamkuta ndani, gizani, katika moshi wa udi, na nitamwadhinia mtoto hata kama ameshaadhiniwa. Nani atanizuia? Mtoto hana hesabu na baba yake.

Nilipofika Laini Saba askari walikuwa kwenye shabaha. Milio ilikuwa ikifuatana, na watoto waliokuwa wakichunga mbuzi walikuwa wamelala chini, vichwa wamevifunika. Mmoja alinifokea, "Mzee, lala!" Tarumbeta lilikuwa bado. Kwa mara ya kwanza maishani sikulala. Nilipita katikati yao nikiwa wima, nimeshika flaneli mkononi, nikapanda kilima cha Makina.

Mke wangu alikuwa amekaa nje, juani.