Sauti Yangu Ilipowapeleka Watu Buguruni

Ngoja nijicheke mwenyewe kwanza, ndugu zangu, ili mkianza kunicheka nisijisikie mpweke. Mnajua Kariakoo siku hizi hatuiti wateja kwa koo, tunarekodi tangazo, tunaliweka kwenye spika linajirudia kutwa nzima, na mtaani kwetu mwenye sauti ya matangazo ni mimi Hamisi muuza soksi (darasa la saba tu, lakini nikishika maiki utadhani nina redio yangu). Redio ndiyo ilikuwa ndoto yangu. Ndoto nyingine ilikuwa Rehema, muuza khanga wa meza ya jirani, aliyekuwa ananishikia simu nikirekodi. Shangazi yake, Bi Tatu, alikuwa anagombea uenyekiti wa mtaa ili mitaro yetu izibuliwe.

Asubuhi ya kupiga kura ikaingia sauti kwenye grupu letu la WhatsApp la mtaa, mtu anaongea taratibu kama msoma habari, kwamba kituo chetu cha kura kimehamishiwa uwanja wa Buguruni, tuwahi. Nani huyo? Sikuuliza. Nikawaza kura za Bi Tatu zitakavyopotea, nikawaza na Rehema atakavyoniangalia nikiziokoa, basi nikashika maiki: "Soksi tatu buku mbili, kituo cha kura kimehamia Buguruni, wahi mpendwa, soksi tatu buku mbili."

Kituo chenyewe kilikuwa shule ya nyuma ya mtaa, mwendo wa kumaliza kipande cha muwa. Hakuna aliyekwenda kuchungulia, hata mimi.

"Hamisi, kweli hiyo?" akaniuliza mama muuza vitumbua.

"Kweli, mama. Tangazo limetoka."

"Haya, kama ni wewe."

(Hiyo "kama ni wewe" inanichoma mpaka leo.)

Saa nane mchana, biashara ilipopoa, nikawapakia watu kwenye bajaji kadhaa, na mimi mbele kama kiongozi wa msafara. Kufika Buguruni, uwanja mtupu. Pembeni, fundi mmoja akachomoza kichwa kutoka chini ya gari, akatutazama, akasema, "Kura? Hapa tuna gia boksi tu, kaka." Kurudi tukakwama kwenye foleni, na tulipofika shuleni geti lilikuwa limeshafungwa. Tukarejea mtaani, tukaikuta spika yangu niliyosahau kuizima bado inaita: kituo cha kura kimehamia Buguruni, wahi mpendwa. Mtaa mzima ukanigeukia. Rehema akaja, akaizima.

"Shangazi kasema nisikugombeze," akasema bila kuniangalia. "Anasema sauti yako tuliizoea wote, ndiyo maana hatukuuliza."

Bi Tatu alishindwa kwa watu wanaoenea kwenye bajaji mbili. Aliyetengeneza ile sauti hajulikani, ila yangu inajulikana. Mitaro bado imeziba, na mvua ikinyesha nainua meza yangu huku, Rehema anainua yake kule, wakati zamani tulikuwa tunainuliana.

Siku hizi ukiniletea habari nitakuuliza nani kasema na kaiona wapi, halafu nitakwenda kuchungulia kwa miguu yangu, hata ukinuna. Maiki sishiki tena kwa neno nililoletewa tu. Lakini lile tangazo la zamani la soksi nimelirudisha, lile ambalo Rehema alinishikia simu nikilirekodi, akashindwa kujizuia, akacheka mwishoni. Wateja wanadhani kicheko ni mbinu ya biashara. Kinajirudia kutwa nzima, naye anakisikia kule mezani kwake, na mpaka leo hajaniambia nikifute.