Mahindi Niliyoyasainia

Nilikuwa na miaka miwili tu kazini nilipokabidhiwa ufunguo wa stoo ya chakula. Shule yetu ya bweni, ya wasichana, ilikuwa mwendo mfupi kutoka kivuko cha Kamanga. Nilifundisha jiografia, na juu ya hilo nikawa napokea chakula kwa mzabuni, nakisainia, kisha nakipimia jikoni kila asubuhi. Mama yangu, anayelima mihogo kule Nansio, aliwatangazia majirani kwamba nimepewa stoo ya serikali.

Mwaka ule mvua zilikuwa haba. Kila nilipovuka ziwa kwenda mjini, Mabatini, kununua mahitaji yangu, bei ya unga haikuwa ile niliyoiacha. Wenye maduka walifuta kibao kwa kiganja na kuandika nyingine. Redioni walisema uchumi unakua, nami sikubisha, maana lami ilikuwa inajengwa hadi karibu na geti letu na niliiona kwa macho yangu. Ila fedha ya chakula cha wanafunzi kutoka serikalini haikufika mwezi ule, wala uliofuata.

Mzabuni wetu, mzee mmoja mpole, aliendelea kutuletea hivyo hivyo. Kisha asubuhi moja fuso lake likashusha magunia, nikaingiza mkono katika la kwanza. Punje zilikuwa za kijani, zimeshikamana, zinanuka kama godoro lililonyeshewa.

“Shikamoo, mzee. Mbona haya yameoza?”

“Marahaba, mwalimu.” Akavua kofia. “Bei tuliyoandikiana ni ya mwaka jana. Kwa bei ile, mahindi mazuri leo siyapati. Na za muhula uliopita bado sijalipwa. Ukiyakataa nitayarudisha, lakini mengine sina.”

Muda si mrefu kabla ya hapo bwana afya alikuwa ametufundisha juu ya sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu wa nafaka. Alisema haifi kwa moto, hata upike kutwa nzima. Nikakimbia ofisini kwa mkuu wa shule, mama wa makamo, nikamkuta anaweka simu chini.

“Wanasema fedha iko njiani,” akasema.

“Mama, mahindi yameletwa, lakini yana ukungu.”

“Stoo kuna nini kingine?”

“Unga wa uji wa leo tu.”

“Basi pokea, myachague. Yaliyo mazuri yapikwe.” Hakunitazama usoni aliposema hivyo.

Nikasaini. Tukayamwaga kwenye turubai, mimi na wapishi, tukachagua punje kwa punje hadi shingo zikakakamaa. Lakini yapo yaliyoonekana mazuri, na mimi sikujua ndani yana nini. Ugali wa kwanza ulipoiva kesho yake, nilikata tonge kabla ya wanafunzi kupakuliwa. Mpishi mkuu, mama wa Kisukuma aliyenizidi sana umri, akanyoosha mkono naye.

“Nipe na mimi, mwalimu. Kama ni kufa, usife peke yako.”

Tukala tumesimama, tukitazamana. Hatukudhurika. Hilo halikunituliza, kila mtu alipokohoa bwalini nilishtuka.

Siku ya tatu nilikuwa ubaoni, msichana wa kidato cha kwanza akatapika juu ya daftari lake. Chaki ilinidondoka. Nikamshika kichwa, nikamfunua kope kutafuta umanjano, dalili ya ini kuumia. Tukapanda bodaboda, yeye katikati, hadi zahanati.

“Amekula nini?” mganga akauliza.

“Ugali,” nikasema. “Kama kawaida.”

Nilijisikia nikisema hivyo, na nikajiogopa. Mtoto alikuwa amelala kwenye benchi, ameshika tumbo, nami nilikuwa nalinda sahihi yangu. Damu ilipopimwa ikaonekana malaria. Nikakaa chini sakafuni, nikalia, kisha nikamweleza mganga yote.

“Msiwape tena,” akasema. “Hata kilo moja.”

Nikarudi moja kwa moja kwa mkuu. “Mama, mahindi yale sitoi tena.”

“Na wazazi nitawaambia nini?”

“Waambie yalivyo.”

Akaivuta simu karibu. Kisha akaanza kuwapigia. Kesho yake mchana kivuko kilileta akina mama na akina baba wenye viazi, makopa ya mihogo, dagaa na maharage. Wengine walitukana, na walikuwa na haki. Mmoja aliniuliza mbele ya watu wote, “Wewe ungempa mwanao?” Nikajibu hapana. Akanikabidhi kiroba chake cha viazi.

Tulikula hivyo hadi fedha ilipofika, siku chache kabla ya kufunga shule. Magunia yale tuliyachoma nyuma ya jiko. Hakuna msichana aliyeugua kwa mahindi yale, wala mimi sikuadhibiwa.

Lakini bwana afya nilipomuuliza, alisema madhara ya sumu ile kwenye ini yaweza kuchukua miaka mingi kabla ya kuonekana. Baadhi ya wasichana wale sasa wameolewa. Nikisikia mmoja wao amelazwa, siulizi kwanza anaendeleaje. Nauliza anaumwa nini.