Baiskeli ya Mbele

Gasana alihamia Cyangugu, Rwanda, mwaka 1997, akiwa na mkewe Béata, binti yao Uwera, na baiskeli moja iliyovushwa mpaka kwa vipande. Alizaliwa Uvira, Kongo, kwa wazazi Wanyarwanda, akalelewa hukohuko, na Kinyarwanda chake kilikuwa kinachechemea. Shamba hakuwa nalo. Mwaka uliofuata akaenda Gikundamvura kwa wabeba mpunga, akaomba awe mmoja wao.

Wabeba mpunga walikuwa saba. Kila mmoja alifunga magunia mawili kwenye baiskeli, akaisukuma kwa miguu hadi juu Nzahaha, akaipanda kwenye mteremko, na jioni akaingia Kamembe akinuka jasho. Kiongozi wao, Hategekimana, hakumwuliza Gasana alikuwa wapi wakati wa vita wala ndugu zake ni nani. Alibonyeza tairi zake kwa kidole gumba, akatoa mipira yake mwenyewe ya kufungia, akamkazia mzigo. Wenzake wakaacha Kinyarwanda, wakawa wanasema Kiswahili ili naye aelewe.

Mtu mwingine angeshukuru. Gasana alikuwa na akili nyingi kuliko zilizohitajika. Alijiambia kwamba anayekufungia mzigo anataka kujua umebeba nini, na anayekusemesha Kiswahili ana mengine hataki uyasikie.

Kisha Hategekimana akasema, "Papa Uwera, weye utatangulia mbele. Siye tutakufuata."

Ng'ambo ya mto Ruzizi, vita vya Kongo vilikuwa vimewaka upya, na watu wenye bunduki walivuka walipotaka, wakajificha kwenye mitama kando ya barabara. Anayetangulia ndiye anayekutana nao kwanza. Hilo halihitaji shule.

"Banatafuta muntu wa kukufa wa kwanza," alimwambia Béata alipofika nyumbani Mururu. "Njo banapata miye."

"Basi uache iyo kazi."

"Na tutakula nini?"

Béata akamfungia viazi vya kula njiani.

Mwezi mzima alitangulia. Wakifika Kamembe waliketi kwa Maman Zulaikha, muuza chai, na kikombe cha kwanza kila mara alipewa Gasana. Alikunywa huku akiwachungulia juu ya kikombe. Aliwachukia, ila kwa adabu.

Siku moja, alipofika kileleni Nzahaha, aliona watu watatu wamesimama kwenye mitama, na vitu virefu begani. Hakungoja kuvijua. Kama wamemweka mbele afe, basi na awaache hukohuko nyuma. Akarukia baiskeli, akaachia breki, akateremka na magunia yake mawili. Aligeuka mara moja tu. Wote saba walikuwa nyuma yake, mbiombio, wamekaza meno. Hakuna aliyempita, hakuna aliyemwita. Akaongeza mwendo.

Kwenye kona ya tatu magunia ya Mzee Habineza, mwenye umri mkubwa kuliko wote saba, yalihama upande. Mzee alikuwa na miaka sitini, na breki zake hazikupishana naye sana kwa umri. Alianguka, na mguu ukavunjika chini ya goti.

Gasana alisikia kishindo, akarudi akihema. "Kwa nini hamukunipita? Kwa nini hamukuniambia nipunguze?"

Hategekimana alikuwa anafunga mguu wa mzee kwa vijiti na mipira. "Mugeni njo anatangulia," alisema bila kuinua kichwa. "Akichoka, bote tunapumzika. Akikimbia, tunakimbia. Siye bote tulianza vile. Ukimuweka nyuma, atabakia ku mulima peke yake na hapana muntu atajua."

"Na benye bunduki?"

"Bunduki gani? Bale bantu balikuwa na majembe, tumebasalimia." Akakaza fundo. "Mwaka jana, benye bunduki balitupiga kutoka nyuma. Njo maana miye ninakalaka kule nyuma, wa mwisho."

Gasana aliona haya, ile haya inayomfanya mtu atafute kazi ya mikono. Akaanza kuokota punje za mpunga zilizomwagika barabarani, moja moja, mpaka wakamwita aje kumbeba mzee.

Mzee Habineza hakusukuma tena baiskeli. Jumapili Gasana alikwenda kumwona na sukari na sabuni, na maneno ya kuomba msamaha aliyoyapanga njia nzima. Mlangoni yalimpotea yote.

"Papa Uwera," mzee alisema, akijiinua kwa viwiko, mguu umenyooshwa mkekani, "mutoto anaendelea namna gani?"

"Mutoto gani, Mzee?"

"Uwera. Siku ile ulikimbia sana. Nikasema ku roho: uyu iko na mugonjwa ku nyumba. Njo nikakaza na miye, tukufikishe mbio."

Gasana alitazama sabuni mkononi mwake.

"Amepona," alisema.

Mzee akamshukuru Mungu kwa sauti.