Nilimsingizia Shemeji Yangu Kwamba Aliruka Ukurasa

Kosa ni langu. Nalitaja kabla ya kitu kingine chochote, maana nikianza na sifa zangu karatasi itaisha sijalifikia. Najijua.

Mimi ni mtu wa Kasulu. Shule niliishia darasa la tatu, nikaingia gereji kuosha vyuma. Leo gereji ni yangu, malori mawili ni yangu, na gari la mashindano nililiunga mwenyewe kutoka mabaki ya magari matatu. Wenzangu wa Dar na Arusha walikuja na mafundi na magari mapya, mimi nilikuja na spana zangu. Na mwaka ule niliwatoa jasho! Tulifika raundi ya mwisho ya ubingwa wa taifa nikiwa nyuma ya dereva mmoja wa Arusha kwa pointi moja. Raundi hiyo ikapangwa kwetu, Kasulu hadi Kibondo. Niliona kama Mungu ameipanga mwenyewe.

Sasa, kusoma kwangu ni kwa kuokoteza. Aliyekuwa ananisomea ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Wao walikuja kutoka Burundi wakiwa wadogo, wazazi wao wakalima kijijini Kitanga mpaka wakawa wa hapa. Yeye alifika kidato cha nne.

Kwa asiyejua mbio za magari: kabla ya siku yenyewe, dereva na msoma ramani hupita njia polepole, dereva anataja kila kona, mwenzake anaiandika daftarini. Siku ya mbio anakusomea kwa sauti. Wengine waliandika Kiingereza. Shemeji aliandika Kirundi, kwa sababu Kirundi chao na Kiha changu vinasikilizana, na kwenye kasi ile kichwa changu kilikuwa hakina nafasi ya kutafsiri. Kwa njia hiyo tulishinda. Na kwa njia hiyo hiyo nilimmaliza.

Njia ya Kibondo sikwenda kuikagua. Nilimwambia aende na dereva wangu wa lori, mimi nina injini ya kufunga. Uongo, injini ilishafungwa. Niliona aibu watu wa kwetu wanione natambaa kwenye njia niliyoipita na lori miaka minane. Shemeji akanisihi. Akasema malori ya chakula cha wakimbizi yameichimba, pengine imehamishwa kabisa, na mimi mwaka mzima nimekuwa mikoani kwenye mbio. Nikamjibu kwamba njia ile imo kichwani mwangu, daftari ni la wageni. Mafundi wangu wakacheka. Yeye akaenda, akaandika.

Siku ya mbio tuliondoka vizuri. Mpaka Makere tulikuwa mbele ya Arusha. Watu wamejipanga kando ya njia, wananiita jina langu. Shemeji akasoma kona ndefu ya kulia, kisha buhoro, yaani polepole, kalavati jipya, njia imehamia kushoto. Akarudia, buhoro. Mimi nikakumbuka kwamba pale njia inanyooka. Nikakanyaga mafuta.

"Buhoro, shemeji!"

Hiyo ya tatu hakuwa anasoma. Alikuwa ananiomba.

Njia ya zamani ilikuwa imefungwa kwa tuta la udongo. Tulilipanda, tukapinduka kwenye shamba la mihogo. Yeye alivunjika mfupa wa bega. Mimi sikupata hata mkwaruzo. Ubingwa ukaenda Arusha.

Walipomkimbiza hospitali, viongozi wa mashindano waliniita kwenye hema lao. Nje nilisikia watu wangu wanauliza imekuwaje, imekuwaje. Nilichoka ghafla, jamani. Nikaona siwezi kutoka pale nikawaambia kwamba mimi, mwenye njia, nimeanguka kwenye njia yangu.

Nikasema, "Aliruka ukurasa."

Wakaligeuza lile daftari. Wote ni watu wa mbali, hakuna aliyejua Kirundi. Mmoja akaniuliza ukurasa ule unasema nini. Mimi, mtu wa darasa la tatu, nikalishika nikawasomea nilichotaka. Wakaandika, wakanipa pole, wakanirudishia.

Redio ikatangaza hivyo hivyo. Watu wakaongeza ya kwao, kwamba mkimbizi atazijulia wapi njia zetu. Mtu aliyekulia hapa! Sikufungua mdomo. Dereva wa Arusha, ambaye alishakubaliana na shemeji kumchukua awe msoma ramani wake msimu unaofuata, alimtumia ujumbe kwamba amepata mwingine. Shemeji akarudi Kitanga kulima.

Daftari nililitupa kwenye sanduku la spana. Mke wangu alilikuta. Alikaa kitandani, akasoma ukurasa mmoja, akalifunga.

"Mume wangu, wewe hujui kusoma," aliniambia. "Mimi najua."

Anapika, anapokea wageni wangu, kanisani tunakaa benchi moja. Lakini huu ni mwaka wa tatu hajaniuliza nimeshindaje.

Mbio nilijaribu tena, na wasoma ramani wengine. Kila aliyeniambia punguza, nilipunguza mpaka gari likawa kama limebeba mayai. Tulikuwa wa mwisho, halafu wa mwisho tena. Sasa limekaa nyuma ya gereji, kuku wanatagia humo.

Mwezi uliopita nilikwenda Kitanga. Nilimkuta anamenya mihogo. Akanipa kigoda, akauliza habari za dada yake na wapwa zake. Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha.

"Mimi hukunidanganya, shemeji," akasema. "Mimi nilikuwemo ndani ya gari. Kawaombe wale uliowadanganya."

Nikamwambia wale wametawanyika nchi nzima, nitawapata wapi.

"Uongo ulipata njia ya kuwafikia."

Akaendelea kumenya.

Ndiyo maana naandika, mimi nikisema na mwanangu akinishikia kalamu. Jina langu halitatokea, lakini watu wa mbio mtanijua, na yeye mtamjua. Hakuruka ukurasa. Alisoma sawasawa mara mbili, ya tatu akapiga kelele. Wewe wa Arusha, kama unasoma hapa, uliyemkataa hakuwa na kosa. Bega lake halinyanyui tena jembe vizuri, lakini macho na sauti ni vile vile.

Nanyi mliojijenga kwa mikono kama mimi, mkikosea semeni siku hiyo hiyo, vumbi likiwa bado juu, hata kama watu wenu wote wamesimama wanawatazama. Mimi nimechelewa miaka mitatu, na sijui kama yupo atakayemwita tena kwenye mbio.