Uso wa Kioo, Uso wa Bugali

Mama yangu aliacha kunijua siku ya Jumapili, baada ya misa, wakati nilikuwa ninamkata kucha. Nilikuwa nimefika kijijini Miti asubuhi ile, kama nilivyozoea kufika Jumapili moja kati ya mbili, na mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wangu. Akaurudisha kwake polepole. Akanitazama kwa muda mrefu, kisha akamgeukia mke wa kaka yangu, ambaye ndiye alikuwa akimtunza, akamwuliza kwa Mashi, lugha yetu:

"Huyu mzungu anatafuta nini kwetu?"

Mke wa kaka yangu alicheka. Mama alikuwa mtu wa mizaha, na sote tulidhani ni mzaha mwingine.

"Mama, si ni mutoto yako, ule wa Bukavu?"

"Mtoto wangu ni mweusi," mama akasema. "Mimi ndiye nilimzaa. Unataka kunifundisha?"

Hakuna aliyecheka tena. Vidole vitatu vilikuwa vimebaki na kucha ndefu. Mke wa kaka yangu akazimalizia yeye, mimi nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Sitaki kudanganya mtu. Nilijichubua kwa miaka mingi na hakuna aliyenilazimisha. Wengine husema waume zao ndio walitaka weupe. Mume wangu aliondoka kwenda Kamituga kutafuta dhahabu nikiwa bado mweusi, akarudi kuzika mama yake akanikuta mweupe, na neno pekee alilosema ni kwamba paa linavuja. Nilifanya kwa sababu wenzangu walifanya, na kwa sababu siku ya kwanza mtu aliponiambia "maman, unaangaza", nilifurahi.

Kwetu tunachanganya. Unanunua lotion kubwa ya mwili, unafinyia ndani tyubu mbili za dawa ya kortizoni, unaongeza mafuta ya karoti, unafunga chupa na kutikisa. Kila mwanamke ana mchanganyiko wake, na hata dada yake hamwambii siri yote. Lakini vifundo vya vidole havikubali. Vinabaki vyeusi, tena vinazidi. Siku moja sokoni Kadutu muuza mihogo alinishika mkono mbele ya watu akasema, "Maman, uso ni ndizi mbivu, vidole ni makala ya kupikia! Huyu ni mutu moya ao wawili?" Nikacheka nao. Nilipofika nyumbani nikaongeza dawa kwenye vidole.

Mama alikuwa ameniona mweupe miaka yote hiyo, na alinijua. Ila ugonjwa wake wa kusahau ulianza kubomoa kutoka juu, kama mvua inavyobomoa ukuta wa matofali mabichi. Yaliyokuwa ya juzi yalianguka kwanza, na ya zamani yakabaki yamesimama. Huko kwenye yaliyobaki, mimi nilikuwa msichana mweusi anayerudi na ndoo ya maji kichwani. Huyo ndiye aliyekuwa akimtafuta. Nikiwa njiani kurudi Bukavu nilijiambia nirudishe uso wangu kabla mama hajaenda, ili anitazame mara moja tena na kusema ni mimi. Sikutaka kitu kingine.

Nilianza na yule aliyekuwa karibu. Binti wa kaka yangu aliishi kwangu, maana alikuwa amepata kazi katika ofisi ya shirika moja mjini. Kila asubuhi alipanga vichupa vyake mezani kwangu kama padri anayepanga vyombo vya misa. Vilikuwa vya Kikorea, na namna ya kuvitumia alikuwa amejifunza kwenye simu. Nilipomwomba anifundishe, alipiga makofi.

"Tantine! Weye na hizi vitu? Mungu iko mukubwa!"

Akanionyesha. Kwanza mafuta ya kutoa uchafu, pili sabuni ya povu, kisha maji ya kutuliza ngozi, kisha maji mengine mazito kidogo, kisha serumu ya matone, kisha karatasi yenye matundu ya macho inayomfanya mtu afanane na maiti, kisha krimu ya chini ya macho, krimu ya uso, na mwisho krimu ya jua. Zilikuwa hatua kumi, ingawa mimi nilihesabu tisa. Alisema Wakorea wanataka uso ung'ae kama kioo, hata mtu ajione ndani yake. Akaniachia vichupa, akaenda kazini.

Nilivitazama. Mikono yangu ilikuwa na mazoea ya miaka ishirini. Nikachukua chupa tupu ya lotion, nikamimina vyote ndani, nikafunga, nikatikisa.

Jioni aliporudi, alisimama mlangoni na mkoba wake begani.

"Tantine, serumu yangu iko wapi?"

"Iko mu ile chupa."

"Na mafuta?"

"Na yenyewe iko mule. Nimechanganya zote. Nimefanya hatua kumi kuwa moja."

"Na sabuni pia?"

"Si ulisema ni namba mbili?"

Aliketi kitandani, akacheka mpaka machozi yakatoka. Kisha kicheko kikakatika, kwa sababu vile vichupa vilikuwa vimetoka Kigali na hakujua vingine vitakuja lini. Hakunigombeza. Mimi, kwa haya, nikaona nisipoteze, nikaendelea kujipaka ule mchanganyiko. Nilipotoka jasho nikipanda ngazi za kwetu, uso ulitoa povu.

Povu hilo ndilo lililomfanya Masera aniulize. Alikuwa mtawa aliyesimamia atelie ya parokia, pale ninaposhona sare za wanafunzi. Alikuwa ameishi Japani miaka mingi, katika nyumba ya shirika lake, akihudumia wazee. Ngozi yake ilikuwa nyeusi, tulivu, kama ya mtu aliyelala vizuri. Nilimweleza yote, hata habari ya mama. Hakucheka.

"Maman, acha ile chupa," akasema. "Kesho ukuje mapema."

Kesho yake alinifundisha kwenye beseni la atelie. Kuosha ni mara mbili, kwanza kwa mafuta, kisha kwa sabuni. Lakini sabuni hupigwa kwanza viganjani mpaka povu liwe zito, na ni povu linalogusa uso, si mkono. Halafu maji ya ngozi, unayamimina kiganjani na kuyakandamiza usoni taratibu, bila kusugua, kama unavyomgusa mtoto mwenye homa. Halafu krimu nyepesi kidogo sana, kofia na mwavuli. Na kesho yake hivyo hivyo, na mwaka ujao hivyo hivyo.

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu. Wale wabibi wa kule walikuwa wanapenda ngozi laini kama keki ya muchele wenye umepondwa."

"Kama bugali?"

Akafikiri. "Kama bugali yenye imepikwa na mutu mwenye anajua."

Nikamwambia basi Wajapani ni watu wenye kiasi. Akanikatiza, "Maman, usiwafanye watakatifu. Na wao wana maduka yao na tamaa zao."

Jioni nilimsimulia binti yetu, yule wa kaka yangu. Alikuwa amekaa na karatasi yake usoni, ile ya mwisho.

"Basi Masera anataka uso wa bugali," akasema bila kusogeza midomo. "Mimi ntabaki na wangu wa kioo."

"Kioo inavunjikaka."

"Na bugali inaliwaka, tantine!"

Kwa miezi ile nilizifikiria njia hizo mbili kuliko nilivyofikiria jambo lolote, kwa sababu nilikuwa na haraka na nilitaka kujua ipi inafika kwanza. Wenyewe hawakukubali, lakini mimi niliona ni ndugu. Zote zinaanza na mafuta, zote zinaogopa jua, na zote zinakataza kusugua. Ile ya Kikorea inautazama uso kila asubuhi na kuuliza leo umepungukiwa nini, kisha inaongeza. Ile ya Masera haiulizi. Inafanya kazi yake ileile hata siku uso hauna shida, kama mtu anayefagia ua ambao haujachafuka. Kwa mtu kama mimi, niliyezoea kuongeza, ile ya pili ilikuwa ngumu zaidi. Kuna siku viganja viliniwasha kwa kutaka kumimina kitu.

Na nisifiche hili. Kwenye vichupa vya binti yetu, na kwenye kichupa kitupu ambacho Masera alikihifadhi kama kumbukumbu, kulikuwa na neno la kung'arisha ngozi. Nilimwuliza Masera. Akasema ndiyo, hata kule wanawake wanaukimbia weusi wa jua. Nilihuzunika siku nzima. Nilikuwa nimedhani kuna mahali ambapo watu wamepumzika.

Muuguzi wa kituo cha afya aliniambia nisiache kortizoni kwa mara moja, nipunguze kidogo kidogo. Sikumsikia. Mama alikuwa akizidi kudhoofika, nami niliacha yote siku moja. Uso uliwaka moto, ukavimba, ukatoka maganda. Sikuenda kazini majuma mawili. Binti yetu aliniwekea vitambaa vya maji baridi, na kila asubuhi kabla ya kwenda kazini aliniambia nisijikune. Masera alinitumia kilichoweza kupatikana Bukavu, yaani mafuta safi, sabuni ya watoto, na gliserini ndani ya maji yaliyochemshwa. Binti yetu alinipa tyubu yake ya mwisho ya krimu ya jua, iliyokuwa imesalia mkobani. Hivyo nilipona kwa Japani ya Masera na Korea ya mtoto wa kaka yangu, na zote mbili zilikuwa zimepungua nusu.

Wakati huo njia ya Miti ilikuwa haipitiki. Miezi ilipita bila mimi kwenda. Mke wa kaka yangu alipiga simu mtandao ulipokubali, akasema mama anakula kidogo, mama ameacha kutembea. Nilijitazama kwenye kioo cha binti yetu kila asubuhi. Weusi ulikuwa ukirudi kutoka pembeni, kwenye masikio na shingoni, ukielekea katikati. Nilimwomba Mungu aushikilie mlango kidogo tu, mama asipite.

Njia ilipofunguliwa nilipanda pikipiki siku hiyohiyo. Mashavu yalikuwa bado na madoa mawili, lakini uso ulikuwa wangu. Mama alikuwa ameketi nje kwenye mkeka, akiota jua, amejifunika kitenge mpaka kidevuni. Mke wa kaka yangu aliponiona aliweka mkono mdomoni.

Nilipiga magoti mbele ya mama. Alinitazama. Macho yake yalipita usoni mwangu polepole, pande zote.

"Unafanana na mtoto wangu," akasema.

"Ni mimi, mama."

"Hapana." Alitikisa kichwa kwa upole, kama anayemsahihisha mgeni. "Mtoto wangu siku hizi ni mweupe. Alikuwa akija hapa Jumapili, mzungu kabisa. Nafikiri nilimfukuza. Hajarudi tena."

Mke wa kaka yangu hakuvumilia. "Mama, si ni yeye! Mutazame muzuri!" Alinishika kidevu akauelekeza uso wangu kwake. Mama akaogopa, akavuta kitenge. Nikamwashiria mke wa kaka yangu aache. Nilikuwa nimekuja na uso ambao mama alikuwa akiutafuta, naye, katika miezi ile, alikuwa ameshajifunza ule mwingine.

Nikakaa chini, mkekani, kama jirani aliyepita kusalimia.

"Kwa nini ulimfukuza?"

"Sikumjua. Nilipomjua alikuwa ameshaenda." Alitazama njia. "Wewe unaishi wapi?"

"Bukavu."

"Basi unamwona."

"Ninamwona."

"Mwambie aje. Aje hivyohivyo na weupe wake, mimi nimeshazoea." Akainama kwangu asisikiwe. "Lakini alete samaki, zile sambaza. Hapa wananilisha majani tu."

"Mama!" mke wa kaka yangu akasema. "Jana si ulikula nyama?"

"Nyama ya nani?"

Tulicheka sote watatu, na mama alicheka zaidi yetu.

Jumapili iliyofuata nilileta sambaza zilizokaushwa, za ziwa letu, kifurushi kizuri. Alikinusa kabla ya kukifungua.

"Ni mtoto wangu ametuma?"

"Ndiyo."

"Yeye mwenyewe anakuja lini?"

"Yuko njiani, mama."

Sijui kama hilo lilikuwa uongo. Tulimkaangia kidogo, akala na vichwa. Nilipoaga aliniita nirudi. Alikuwa amegawa zile zilizobaki, nusu yake ameifunga kwenye kitambaa chake cha kichwani, na fundo lilikuwa limekazwa sana, sijui alipata wapi nguvu.

"Umpelekee hizi," akasema. "Huyo namjua. Ametuma zote, yeye hakujibakizia hata moja. Mwambie nimesema ale."

Alikufa Alhamisi. Kwenye mazishi watu wa Miti walinishika mikono, wakasema nimerudia rangi yangu, na kwamba mama angefurahi kuniona. Nikawaitikia ndiyo. Baada ya watu kuondoka nilirudi Bukavu, nikafungua lile fundo kwa meno, kwa kuwa vidole havikuliweza, nikala kama alivyosema.