Majivu ya Upande wa Ndizi

Nianze kwa kujisifu, maana nikingoja wengine wanisifu nitazeeka. Katika mtaa wetu hapa Gitega hakuna mtu anayejua kusafisha jiko la nyama choma kunishinda mimi. Wako wanaojua kuchoma, wako wanaojua kula, na hao wa mwisho ni wengi. Lakini kutoa majivu, niulizeni mimi.

Jiko lenyewe ni mapipa mawili ya chuma yaliyopasuliwa na kuunganishwa kwa urefu, yakasimamishwa kwenye miguu ya nondo. Mwenye jiko ni Mkongomani kutoka Uvira, ana baa ndogo karibu na soko. Mimi namwita patroni, naye ananiita mama ingawa ananizidi umri. Upande wa kulia anachoma brosheti, yaani mishkaki ya mbuzi, upande wa kushoto ndizi. Mafuta ya mbuzi yakidondoka na moto ukaruka, anachota maji ya chumvi kwa kopo na kuunyunyizia. Moto unatulia, moshi unapanda, wateja wanameza mate. Asubuhi mimi nakuta kila kitu kimepoa, nashika kibati changu na ufagio mfupi, nachota majivu mpaka chuma kionekane. Miaka yangu ya kwanza pale nilikuwa nayamwaga shimoni, ndoo nzima kila siku, bila kufikiri.

Mama yangu anakaa Gashoho, upande wa Muyinga. Tulirudi huko kutoka Tanzania, ambako mimi nilikulia kambini. Mpaka leo tukitaka majirani wasielewe tunachosema, tunaongea Kiswahili cha kule. Vitu tulivyorudi navyo vilikuwa vichache: sufuria, magodoro mawili, na mtungi mdogo wa udongo uliojaa mbegu za maharage. Ni maharage meupe yenye madoa mekundu, na kilimani kwetu hakuna mwingine anayeyalima. Bibi alimfungia mama mbegu hizo kwenye kanga siku ya kukimbia vita. Mama akavuka nazo mpaka, akazipanda nyuma ya nyumba yetu kambini, akavuna, akapanda tena, mwaka baada ya mwaka. Bibi hakufika Tanzania. Mbegu zilifika.

Huko kambini mtungi huo ulilala karibu na kichwa cha mama. Mimi nililala miguuni, na niliuonea wivu mtungi ule, sitaficha. Siku moja nilimuuliza, moto ukishika nyumba ataokoa nani, mimi au mtungi. Hakufikiri hata kidogo. "Mtungi," akasema. "Wewe una miguu."

Nililia siku nzima. Nilikuwa na miaka saba.

Sasa, mbegu ya maharage ina adui, naye ni fukusi. Anatoboa punje, anakula moyo wake, anakuachia ganda na unga. Mama alijifunza kwa mama yake kuchanganya mbegu na majivu makavu, mengi kama mbegu zenyewe, mpaka kila nafasi kati ya punje ijae na fukusi akose pa kupita. Lakini mama anaishi peke yake, anapika mara moja kwa siku kwa vijiti vitatu. Atapata wapi majivu? Majirani wana yao wanayahitaji. Na binti yake yuko Gitega anamwaga ndoo nzima kila asubuhi! Siku wazo hilo liliponijia nilijiona nina akili kuliko mawaziri wote waliohamia mji huu ulipofanywa makao makuu.

Nilijaza gunia kwa wiki moja, mbio mbio, kulia na kushoto nikichanganya. Nikalipakia kwenye gari la Muyinga. Kondakta alilishika, akalinusa, akanitazama.

"We mama, kule Muyinga majivu imeisha?"

"Peleka mzigo," nikamwambia. "Maneno baki nayo wewe."

Akiba haiozi, wanasema. Yangu ilioza. Kabla mvua hazijaanza mama alinipigia simu akasema maneno mawili tu: "Njoo uone." Nikaenda. Alikuwa ameuweka mtungi katikati ya uwanja kama mshitakiwa. Majivu yalikuwa yameshikana kama ugali wa jana. Punje zilikuwa zimevimba na kuota ukungu, sisimizi wakiingia na kutoka kwa mstari, na mtungi wa mbegu za bibi yangu ulinuka mbuzi.

Nikaelewa palepale, nikatamani ardhi inimeze. Chumvi huvuta maji, na mafuta huita sisimizi. Yale maji ya chumvi ya patroni, yale mafuta yaliyodondoka, vyote nilivifunga ndani ya gunia nikamtumia mama yangu. Nilimpelekea mchuzi, akahifadhi mbegu ndani yake.

Mama hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikaa chini akaanza kuchambua punje moja moja, na alipomaliza alikuwa na viganja viwili. Mbegu zilizovuka mpaka mara mbili, na vita na njaa na kambi, zilibaki viganja viwili kwa sababu ya haraka yangu. Akasema bila kuinua macho, "Kweli, moto huzaa majivu."

Mnaojua methali hiyo mnajua alichoniita: jivu lisilofaa kitu. Niliondoka na hasira hadi Gitega, na hasira ilipoisha nikalia.

Viganja vile mama alivipanda nyuma ya nyumba. Alivuna, akapanda tena, na kufikia mavuno ya mwaka uliofuata mtungi ulikuwa umejaa tena. Muda wote huo mimi nilikuwa nasoma majivu. Niliweka sahani mbili kwenye dirisha langu, moja ya majivu ya upande wa nyama, nyingine ya upande wa ndizi. Asubuhi ya pili yale ya nyama yalikuwa yameshikana, ukiyabonyeza yanabaki na alama ya kidole. Yale ya ndizi yalimwagika kama unga. Basi nikamwendea patroni.

"Patroni, naomba upande wa kushoto. Uchome ndizi tu. Nyama isifike, wala maji ya chumvi."

Akacheka mpaka akaegemea meza. "Mama, we unataka kunifundisha moto? Na wateja wakijaa, brosheti nitaiweka wapi? Kwa kichwa yako?"

"Chache zitasubiri zamu yao."

"Sababu ya majivu! Majivu iko majivu tu, mama. Mi sijaona mtu anachagua majivu kama anachagua kitenge."

Nikamweleza habari ya mtungi, toka kwa bibi mpaka viganja viwili. Nilieleza kwa ukali, maana mimi kuomba sijui. Aliacha kucheka. Alikuwa anageuza geuza fimbo ya brosheti mkononi.

"Mama yangu alitoka Uvira na ufunguo," akasema. "Nyumba haiko tena, ile ufunguo iko. Analala nayo." Akaiweka fimbo chini. "Bon. Kushoto ni yako."

Kesho yake alikata kipande cha bati akakisimamisha ndani ya jiko kama ukuta. Sidhani kama kuna jiko lingine lenye ukuta mjini hapa. Lakini mkono una mazoea yake. Jumamosi moja watu walijaa, moto ukaruka, nikaona kopo la maji ya chumvi linavuka ukuta kuja upande wangu. Nikamdaka mkono mbele ya wateja wote. Maji yakamwagikia suruali ya patroni. Baa nzima ikageuka kututazama, nikajua kazi imekwisha. Patroni akatazama suruali, akatazama jiko, akauliza, "Imefika kushoto?"

"Haijafika."

"Voilà," akasema, akaendelea kuchoma.

Mara hii sikuwa na haraka. Nilichota ya kushoto peke yake, kila siku kidogo, nikayachekecha kwa kipande cha chandarua kikuukuu, nikayatandaza juani, nikayatia kwenye mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine. Sikumpa kondakta. Ilikuwa wakati ule petroli ikiadimika, nikangoja gari siku mbili nimekalia mzigo wangu kama kuku, na walionicheka niliwajibu mmoja mmoja.

Mama alinipokea mlangoni. Aliona mfuko. "Hayo sitaki," akasema.

"Yajaribu, mama."

"Nilikwisha kuyajaribu."

Nikakaa siku nzima kwenye mlango wake. Nilimshikisha majivu, nikamnusisha, nikamwambia ayalaze nje kwenye sahani. Asubuhi aliyachezea kwa kidole muda mrefu. Kisha akaleta mtungi, akamwaga mbegu kwenye mkeka, akazigawa katikati kwa kiganja.

"Nusu ni yako," akasema. "Ukiiharibu, tutabaki na nusu."

Nusu yake aliirudisha mtungini na majivu ya jikoni kwake, yale machache aliyokuwa nayo. Nusu yangu niliitia kwenye kidumu kipya na majivu yangu, safu kwa safu, nikafunga. Vyote viwili vikakaa chumbani mwake kiangazi chote, mtungi kichwani, kidumu miguuni, mahali pangu pa zamani.

Mawingu yalipoanza kukusanyika nilirudi. Mama alitaka tuanze na mtungi. Aliumwaga, na kabla punje hazijatulia nilisikia wepesi wake. Yalikuwa maganda. Kila punje ilikuwa na matundu, na fukusi walitawanyika kwenye mkeka wakikimbia jua. Mama alichota konzi moja, ikabaki vumbi mkononi. Akakaa chini polepole, kwa sababu ya magoti yake, akasema, "Zimekwisha."

Mbegu zote zilizobaki duniani, kwa jinsi tulivyojua sisi wawili, zilikuwa ndani ya kidumu changu, nami nilikizungusha kifuniko kikanishinda. Alikifungua yeye. Majivu yakamwagika, laini, makavu, na ndani yake maharage yakaanguka kwenye mkeka kwa kishindo cha vitu vizito. Mama akainama akapuliza. Madoa mekundu yakang'aa. Akachukua punje moja, akaitazama pande zote akitafuta tundu, hakuliona. Akachukua nyingine, na nyingine. Mwishoni akaing'ata moja kwa meno yake ya pembeni, ikalia ka!

Nilipiga vigelegele. Peke yangu, mchana kweupe, nikizunguka uwanja nimejaa majivu mpaka kwenye nyusi. Majirani wakaja kuuliza kuna nini.

"Nyamaza," mama akasema huku akicheka, machozi yanamtoka. "Watu watadhani nimeolewa."

"Moto huzaa majivu, mama!" nikamwambia. "Haya yatazame sasa!"

Alipanda yote wiki ile mvua iliponyesha. Mwezi wa kwanza wa mwaka alivuna, majirani watano wakaomba mbegu, akawapa, na kila mmoja akaulizia majivu ya Gitega. Patroni siku hizi huwaeleza wateja habari ya ukuta wa bati utadhani ni wazo lake. Namwacha.

Kisha kondakta yule yule aliyenicheka akanipigia simu nije kituoni, kuna mzigo kutoka Gashoho. Ulikuwa umefungwa kwa kanga ya mama, na nilipoushika tu nilijua. Mtungi, umejaa mbegu mpya. Tangu nizaliwe haukuwahi kulala chumba ambacho mama hakulala. Nikampigia hapohapo, nikifoka, kwa sababu niliogopa.

"Mama, mtungi unafanya nini kwangu?"

"Kwako ndiko kwenye majivu," akasema. "Utauweka wapi?"

"Karibu na kichwa changu."

"Hapo hapo. Kukitokea jambo, uushike ukimbie."

"Na wewe je?"

"Mimi nina miguu," akasema mama yangu, ambaye siku hizi akienda kisimani hupumzika mara tatu.