Kwa Polisi, Sisi ni wa Makambako

Walioninyang'anya mwanangu nawataja: shemeji yangu mkubwa, mpasua mbao, na mke wake aliyeshika mlango nisitoke. Kaburi la mume wangu lilikuwa bado udongo mbichi. Shemeji alinipiga kwa ubapa wa panga, akasema mtoto ni wa ukoo, mimi nirudi kwetu. Wakaondoka naye kwenda Manda, kwa ndugu wa yule mwanamke. Binti yangu alikuwa hata viatu hajui kuvaa mwenyewe.

Mama mkwe alinikuta jikoni. Alinikanda mgongo kwa maji ya moto, akavaa sweta lake la kanisani, akasema, "Twende."

Mimi shule niliishia la tatu. Nilichojua, mambo yetu yote ya serikali yanamalizikia Njombe, basi tukapanda gari la Njombe. Askari wa mapokezi alitusikiliza, akauliza kijiji.

"Mama, nyie kwa polisi ni wa Makambako."

Mama mkwe akaja juu. "Kura Njombe, kipigo Makambako?"

Askari akacheka, kisha akatueleza taratibu. Mkoa una kamanda wake. Chini yake kuna wilaya za kipolisi, kila moja na mkuu wake, na chini ya wilaya kuna vituo. Hizo wilaya si lazima zifuate mipaka ya mkuu wa wilaya tunayemjua sisi. Makambako pana njia panda, reli na malori, kwa hiyo pamepewa mkuu wake wa polisi, na kijiji chetu kimeangukia huko. Mimi nilidhani tunafukuzwa. Kumbe alishawapigia simu watungoje.

Makambako tulipokelewa na askari wa kike wa dawati la jinsia na watoto. "Kamwene, bibi," akamwambia mama mkwe, na yule mzee akalegea mabega kusikia salamu ya kwetu.

"Nani kamchukua mtoto?"

Nikamtazama mama mkwe. Ningemtajaje mwanawe mbele yake?

"Mwanangu wa kwanza," akasema mama mkwe.

"Bibi, niandike hivyo?"

"Andika. Nimemzaa mimi, unataka nani mwingine akutajie? Na mkewe usimsahau, yule wa mlangoni."

Nikamshika mkono, naye hakuutoa.

Nikamuuliza askari kwa nini asiende Manda mwenyewe sasa hivi.

"Kule ni Ludewa, mama, kuna mwenyewe. Nikiingia bila hodi ni kama kupakua chungu cha mke mwenzangu."

Akamwambia mkuu wake, mkuu wake akampigia wa Ludewa, wa Ludewa akatuma askari wa kituo cha Manda, kule kando ya ziwa. Sisi tukangoja kwa msharika mmoja wa kanisani kwa mama mkwe.

Shemeji alikamatwa, akatoka kwa dhamana, na mpaka leo simsalimii. Anajua kwa nini.

Mtoto aliletwa kwa gari la polisi, amekonda, ananuka dagaa. Aliponiona alisita, akamkimbilia bibi yake. Iliniuma. Mama mkwe akambeba mgongoni, akamwimbia kidogo kwa Kibena mpaka akasinzia. Ndipo akanipa mgongo na kuinama.

"Mpokee taratibu," akasema. "Akiamka akukute wewe."